Mdogo wangu, shangazi bado hainami

Mdogo wangu,

Simu hupokei, na salamu nikizituma kwa watu hazirudi. Basi nakuandikia hapa, maana najua huku huwa unapita kusoma kimyakimya.

Nianze na sifa, usije ukasema nimekuja kukusuta tu. Una mikono ya kuchua. Shingo iliyokaza ukiishika wewe, mwenyewe husinzia. Mimi sina kipaji hicho na sijawahi kujidai ninacho.

Ila ya shangazi siwezi kuyameza. Amelala kifudifudi, wewe umemkandamiza kiwiko juu kidogo ya nyonga. Nikaona vidole vyake vya miguu vimejikunja, mkono umeng'ang'ania ukingo wa kitanda. Akasema, "Taratibu, mwanangu." Ukamjibu, "Vumilia, ikiuma ndiyo inaingia." Kisha ukainua ile picha yake ya MRI: "Diski imechomoka, pingili zimesagika. Usiiname tena." Kiwiko nakisamehe, uchungu wake ulipoa baada ya siku chache. Maneno ndiyo hayajapoa. Mpaka leo kijiko kikimdondoka anaita mtoto amwokotee.

Na diski, ule mto ulio kati ya pingili na pingili, haichomoki, unajua hilo. Imeshikamana na pingili juu na chini. Inaweza kutokeza na kubana neva, na nyingi zilizotokeza hunywea zenyewe kadiri muda unavyopita. Mwaka 2015 yalichapishwa mapitio ya picha za watu wasioumwa mgongo kabisa. Wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa; wenye miaka 80, asilimia 96. Mtu mwenye mvi kama shangazi, ulitarajia picha yake ionyeshe nini?

Wanasayansi wa maumivu Melzack na Wall waliandika mwaka 1965 kwamba ishara za maumivu hupunguzwa au kuachiwa zipite ndani ya uti wa mgongo, kabla hazijafika kwenye ubongo. Ndiyo maana ukijigonga goti unalisugua. Mikono yetu hutuliza neva zilizoshtuka, haturudishi mfupa wowote mahali pake. Sasa ukimtisha mtu huku unamtuliza, umefanya nini? Hofu nayo huongeza maumivu, na anayeogopa kuinama hukaza mgongo kutwa nzima.

Hukumuuliza analalaje. Hukumuuliza kama mkojo unamtoka bila kujua au unakataa kutoka, kama amekufa ganzi katikati ya mapaja, kama miguu yote miwili imelegea. Angejibu ndiyo hata kwa moja, hapakuwa na cha kuchua pale, ni kumkimbiza hospitali. Nilimuuliza mimi, wewe ukiwa umeshatoka umebamiza mlango. Hana hata moja, tushukuru.

(Wasomaji mtanisamehe, haya ni ya nyumbani.)

Unawaambia watu nilikuaibisha mbele ya mgonjwa, kwamba ningekuita pembeni. Wakati nakuita pembeni, kiwiko kingekuwa wapi? Mgonjwa akisema taratibu, unaondoa mkono, halafu unauliza. Hilo nililisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na kesho likitokea nitalisema vilevile, awe mgonjwa wako au wa mtu mwingine. Mimi ndiye mkubwa. Ningenyamaza, wangeniuliza mimi. Na usisahau ni nani aliyekutetea wote waliposema kazi hii huiwezi. Sikudai shukrani wakati ule, wala leo sidai.

Nimemwambia shangazi anaweza kuinama, aanze kidogokidogo, hata akiwa amekaa kitini. Ananitazama tu. Aliyemkataza ni wewe, na wewe ndiye kipenzi chake, hilo sote tunalijua tangu zamani. Njoo umwambie mwenyewe. Kama ni mimi ninayekuzuia, nitakaa nje mpaka mmalize. Ila kiwiko kiache huko huko.