Barua kwa mwanangu anayekwenda kutolewa ovari

Mwanangu mpenzi,

Kwenye simu mtu husahau nusu ya aliyotaka kusema, na mwenye hofu husahau nusu ya aliyoambiwa. Ndiyo maana nakuandikia. Isome leo, kisha uitie kwenye mkoba utakaokwenda nao hospitali, kwa sababu mengine yaliyomo utayahitaji siku ya tatu baada ya upasuaji, si sasa.

Naanza na lile lisilosubiri. Ovari, yaani kiungo kinachotunza mayai ya uzazi, ikiwa na uvimbe huwa nzito kuliko kawaida, nayo imening'inia kwenye mishipa yake kama tunda kwenye kikonyo. Inaweza kujisokota ikajinyima damu. Ikitokea, utasikia maumivu makali ya ghafla upande mmoja chini ya kitovu, mara nyingi pamoja na kichefuchefu na kutapika. Yanaweza kuja, yakapoa, yakarudi tena. Hapo usingoje tarehe uliyopangiwa, wala usimeze dawa ukalala ili uone kutakuchaje. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, na usile wala usinywe kitu njiani, maana huenda ukaingizwa moja kwa moja chumba cha upasuaji.

Sasa fomu ya ridhaa. Wengi huisaini dakika za mwisho, wameshavaa gauni la wodi, bila kuisoma. Wewe iombe mapema. Iseme wazi kinachotolewa na upande gani: ovari ya kushoto, na kama mrija wake wa uzazi unatoka pia. Mara nyingi mrija hutolewa pamoja na ovari, kwa kuwa saratani nyingi zinazoitwa za ovari huanzia kwenye ncha ya mrija. Kabla ya hapo mwulize daktari bila aibu: je, uvimbe hauwezi kutolewa peke yake, ovari ikabaki? Kwa msichana wa umri wako hilo ndilo swali la kwanza. Zipo sababu za kweli za kujibiwa hapana: uvimbe umekula nyama yote nzuri, ovari imeshakufa kwa kujisokota, au picha na vipimo vya damu vinatia shaka ya saratani, na uvimbe wa namna hiyo hautakiwi kupasukia tumboni. Lakini sababu uisikie kwa masikio yako.

Ukikuta neno “ikibidi” kwenye fomu, simama hapo. Ikibidi nini? Kutoa na ovari ya pili? Kutoa kizazi? Mwambie daktari, wakati ukiwa macho, ni yapi unayoyakubali na yapi ungependa uamshwe kwanza mzungumze. Na kama kuna uwezekano wa kupoteza ovari zote mbili nawe bado unataka watoto, ulizia kuhifadhi mayai kabla ya upasuaji, kwa sababu baada ya hapo hakuna cha kuhifadhi.

Wamekwambia utafanyiwa kwa matundu. Maana yake ni matundu matatu au manne ya milimita 5 hadi 12, moja likiwa kitovuni. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksaidi ili kamera ipate nafasi ya kuona. Mishipa ya ovari huchomwa na kukatwa, halafu ovari hutiwa kwenye kifuko laini cha plastiki na kuvutwa nje kupitia tundu mojawapo. Kama uvimbe ni wa maji hunyonywa ukiwa ndani ya kifuko usimwagike. Ugumu wa kazi hii ni kwamba mrija unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo unapita karibu sana na mishipa hiyo, na mahali palipogandamana kwa makovu ya zamani hauonekani kirahisi. Kwa hiyo ukizinduka ukaambiwa ilibidi tumbo lifunguliwe, usidhani mtu ameharibu kazi. Mara nyingi daktari hubadilisha njia ili asikate kitu asichokiona.

Wiki zilizobaki zitumie vizuri. Pima wingi wa damu mapema, si siku ya mwisho. Damu ikiwa pungufu, vidonge vya madini ya chuma huchukua wiki kadhaa kuijenga. Peleka orodha ya kila unachomeza, pamoja na mitishamba na vidonge vya kitunguu saumu au tangawizi, kwa sababu baadhi yake huongeza kutoka damu. Aspirini na dawa za kuzuia damu kuganda usiziache kwa uamuzi wako, wala usiendelee nazo kimya. Uliza ni lini uziache. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, ile homoni ya kike, huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, na madaktari wengine hutaka visimamishwe wiki 4 kabla. Wakikwambia hivyo tumia kinga nyingine, maana asubuhi ya upasuaji utapimwa mimba. Kama unavuta sigara, acha leo. Wiki 4 bila moshi huleta tofauti kwenye mapafu na kwenye kupona kwa kidonda.

Usinyoe nywele za chini kwa wembe. Wembe huacha mikwaruzo isiyoonekana, na vijidudu huingilia hapo. Kama nywele zinazuia kazi, watazipunguza wenyewe kwa mashine. Oga kwa sabuni usiku na asubuhi, usipake mafuta tumboni, futa rangi ya kucha ili kile kifaa cha kubana kidole kisome hewa ya damu vizuri, na vito vyote viache nyumbani.

Kuhusu kufunga kula, fuata karatasi ya hospitali kwa dakika. Kanuni iliyozoeleka ni saa 6 bila chakula na saa 2 bila maji. Ukipangiwa saa 2 asubuhi, tonge la mwisho liwe kabla ya saa 8 usiku, na mlo wa mafuta uwe mapema zaidi ya hapo. Maji matupu kwa kawaida yanaruhusiwa hadi saa 12 asubuhi. Chai ya maziwa huhesabiwa kuwa chakula, na wengi huahirishiwa upasuaji kwa kikombe hicho kimoja. Si ukali wa bure. Nusu kaputi hulegeza mlango wa tumbo na kuzima kikohozi kinacholinda koo, kilichomo tumboni kikapanda na kuingia kwenye mapafu. Ukikosea ukala, sema. Kuahirishwa si aibu.

Siku yenyewe daktari wa usingizi atakuuliza kuhusu mzio, pumu, meno yanayolegea na kama umewahi kutapika sana baada ya nusu kaputi. Jibu kwa ukamilifu, ipo dawa ya kuzuia hiyo kichefuchefu. Kisha dripu mkononi, na huenda mpira wa mkojo, ambao mara nyingi hutolewa kabla hujaamka au muda mfupi baadaye. Ukishatolewa, hakikisha unakojoa kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kibofu hulala kwa sababu ya dawa, na mtu anaweza kujaa asijue.

Utaamka na koo linalowasha, kwa sababu ya bomba la kupumulia. Hupita siku moja au mbili. Kinachowashtua wengi ni maumivu ya bega, hasa la kulia. Gesi iliyobaki huchokoza msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na neva ya msuli huo inatoka shingoni, basi ubongo huyasikia maumivu begani. Huisha kwa siku 2 au 3. Kutembea na kujifunika kitu cha vuguvugu begani husaidia. Lakini maumivu ya kifua pamoja na kushindwa kuvuta pumzi hayo si ya gesi. Hayo ni ya kukimbilia hospitali.

Dawa za maumivu siku 3 za mwanzo meza kwa saa, usisubiri kuumwa. Maumivu yakishapanda huhitaji dawa nyingi zaidi kuyateremsha, na mtu anayeumwa hatembei wala hakohoi. Kwa mtu mzima mwenye zaidi ya kilo 50, parasetamoli ni miligramu 1000 kila baada ya saa 6, bila kuvuka miligramu 4000 kwa siku nzima. Soma maboksi mengine uliyopewa, kwa kuwa dawa nyingi za mafua na za maumivu zimechanganywa na parasetamoli hiyo hiyo, na kuzidisha huua ini. Ibuprofeni huongezwa, miligramu 400 kila saa 8 baada ya kula, kama daktari hajakukataza kwa vidonda vya tumbo, figo au pumu. Ukipewa dawa kali za jamii ya mofini, ujue zinafunga choo. Anza kunywa maji na dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo, si siku ya nne ukiwa umeshakwama. Kukamua choo kigumu na nyuzi tumboni ni mateso unayoweza kuyaepuka kabisa.

Kuamka kitandani kuna ufundi wake. Usijikunje kama unayekaa. Kunja magoti, geuka ubavu mwili wote kwa pamoja, teremsha miguu, ndipo ujisukume kwa mkono. Ukitaka kukohoa, kupiga chafya au hata kucheka, bana mto tumboni. Mto huo huo uweke kati yako na mkanda wa gari siku ya kurudi. Simama na utembee siku ile ile ya upasuaji, hata kama ni hadi chooni tu, na ukilala zungusha vifundo vya miguu mara kwa mara. Damu iliyolala miguuni ndiyo inayoganda.

Vidonda vya matundu unaweza kuviogesha kwa maji yanayotiririka baada ya siku 1 au 2, kisha uvikaushe kwa kugusa, bila kusugua. Usijitumbukize kwenye beseni wala bwawa mpaka viwe vimefunga kabisa. Cha kitovuni ndicho kinachochelewa kukauka, kwa kuwa kitovu hutunza unyevu. Nunua chupi pana zinazopanda juu ya kitovu na magauni yasiyobana. Unaweza kutokwa damu kidogo ukeni siku chache. Tumia pedi, si tamponi.

Na hili, mwanangu, lishike kuliko yote niliyoandika: baada ya upasuaji wa matundu, kila siku iwe na nafuu kuliko jana. Polepole sawa, lakini mbele. Utumbo au mrija wa mkojo uliojeruhiwa bila kuonekana mara nyingi hujitokeza siku kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa ameshaagwa wodini. Kwa hiyo maumivu yaliyokuwa yanapungua yakianza kuongezeka, tumbo likijaa na kuwa gumu, ukitapika, au ukipata homa ya 38 au zaidi, rudi hospitali. Usikubali kuambiwa kwa simu kwamba ni gesi bila kupimwa. Rudi pia ukiona usaha, ukishindwa kukojoa, ukilowesha pedi moja kwa saa, au shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma.

Vitu vizito acha kwa wiki 2 au 3. Ikiwa tumbo lilifunguliwa, wiki 6. Chochote kinachozidi kilo 5 ni kizito, na mtoto wa dada yako ni mzito. Mwache apande mwenyewe kitandani akukumbatie. Kazi ya kukaa ofisini wengi huirudia baada ya wiki 2 au 3, na waliofunguliwa tumbo baada ya wiki 6 hivi. Gari usiliendeshe mpaka uache dawa kali na uweze kukanyaga breki kwa nguvu bila kusita. Tendo la ndoa uliza kliniki. Uchovu utakuwepo muda mrefu kuliko maumivu, usijilaumu kwa kulala mchana.

Ovari moja iliyobaki inatosha. Hedhi itaendelea, pengine ya kwanza ikawahi au ikachelewa, na mimba inawezekana. Hata mrija wa upande mmoja huweza kulidaka yai la upande wa pili. Zikitolewa zote mbili ndipo mambo hubadilika: hedhi hukoma mara moja, joto la ghafla na jasho la usiku huweza kuanza ndani ya siku chache, na mifupa hupoteza ulinzi. Hapo usitoke hospitali bila kuzungumzia kupewa estrojeni ya kufidia. Kama kizazi kimebaki, lazima iambatane na projesteroni, homoni nyingine ya kike, vinginevyo ukuta wa kizazi hunenepa kupita kiasi. Mwanamke kijana bila kizuizi cha kiafya hushauriwa kuendelea na homoni mpaka ule umri ambao hedhi ingekoma yenyewe, kama miaka 50 hivi.

Majibu ya maabara ya kinyama kilichotolewa mara nyingi huchukua wiki 1 hadi 2. Kimya si jibu, yafuatilie. Omba nakala yake na nakala ya taarifa ya upasuaji, uziweke pamoja, kwa kuwa kila daktari atakayekupima tumbo miaka ijayo atahitaji kujua ovari ipi ilitoka, mrija ulikwenda nayo au ulibaki, na ile iliyobaki ilionekanaje.

Saa 24 za mwanzo baada ya nusu kaputi hutakiwi kukaa peke yako. Nitafika siku moja kabla, na nitalala chumba kimoja nawe. Nitumie saa uliyopangiwa mara tu watakapokujulisha.

Nakupenda sana,
Mama yako