Eid Mubarak, na leo tuulizane vizuri

Eid Mubarak ndugu, jamaa na marafiki wote, Taqabbal Allahu minna wa minkum. Najua tangu mwezi uandame jana simu zenu zinaingia meseji tu, kwahiyo hii yangu ni ndefu, someni mkishatoka kuswali na mkishakula.

Mwezi huu nimejifunza kitu kwa mama yangu, na ruhusa ya kukisema kanipa mwenyewe. Wengi mnajua ana sukari miaka mingi na saivi yuko kwenye sindano. Safari hii daktari akamwambia mama usifunge kabisa, na dini nayo imemruhusu mgonjwa, Suratul Baqara iko wazi, fidia tukatoa, masikini akalishwa kwa kila siku. Vipimo vyote vizuri, kile cha sukari cha miezi 3 kimeshuka, presha iko sawa, kliniki wakampongeza, na sisi watoto tukaona basi, mama mzima.

Kumbe wapi. Magharibi ikifika watu wanafuturu ukumbini yeye yuko chumbani, ukimuita anasema nimeshiba. Tarawehe haendi. Ukimuuliza hujambo mama, sijambo mwanangu, alhamdulillah, basi imeisha hapo.

Sasa binamu yangu ni nesi, akanielezea fomu moja inaitwa EQ-5D, ilianza kutengenezwa na watafiti wa Ulaya 1987, na ya Kiswahili ipo. Haiulizi sukari ngapi wala presha ngapi. Inauliza mambo 5 tu: kutembea, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, shughuli zako za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni, halafu mwisho kuna mstari wa 0 mpaka 100 mtu anaonyesha mwenyewe afya yake leo iko wapi. Nikakaa na mama kitandani nikamuuliza moja moja, bila haraka.

Kwenye maumivu akanyamaza kwanza. Kisha akasema usiku nyayo zinawaka kama nimekanyaga makaa, shuka likigusa tu naamka, sasa ni miezi minane. Mama jamani, mbona hukusema kliniki? Akasema mwanangu pale foleni ndefu, naulizwa sukari najibu sukari. Kwenye shughuli akasema Ramadhani zote nilikuwa napika kaimati mtaa mzima unajua, mwaka huu mmeninyang'anya mwiko eti nipumzike. Hapo nililia kwa kweli, mana tuliomnyang'anya ni sisi na tulidhani tunampenda. Na kwenye huzuni akasema Ramadhani imepita mlangoni kwangu haikuingia. Kwenye mstari akaweka kidole kwenye 40, mtu ambaye vipimo vyake vimepongezwa.

Shirika la Afya Duniani kwenye katiba yake ya 1946 limeandika kwamba afya ni mtu kuwa vizuri kimwili, kiakili na kijamii, kukosa ugonjwa peke yake hakutoshi. Mi nikawaza neno letu wenyewe, mzima. Mkate mzima, mwezi mzima, yaani kitu ambacho hakijamegwa. Mama alikuwa amemegwa usingizi, amemegwa jiko lake, amemegwa safu yake msikitini, na sisi tunaangalia namba kwenye kadi.

Tukaanza kurudisha. Mwiko ukarudi, akawa anakaa kwenye kigoda anachoma kaimati zake, hali hata moja ila zinatoka za duara zile zile. Bajaji ikawa inampeleka tarawehe, tukanunua kiti cha plastiki anaswali amekaa na wenzake. Miguu tukaisema kliniki, wakatuelezea kwamba sukari ya miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu ndo mana inawaka, wakampa dawa ya usiku na kumfundisha kukagua nyayo kila siku asije akawa na kidonda bila kujua. Usiku wa 27 nikamuuliza tena kuhusu ule mstari, akasema weka 70, ile 30 iliyobaki ni uzee.

Kwahiyo leo mkizunguka kupeana mkono wa Idi, ukifika kwa bibi, kwa shangazi, kwa baba mdogo aliyestaafu, akikujibu sijambo usinyanyuke bado. Muulize analalaje, nini alikuwa anafanya zamani saivi hafanyi, nani anakuja kumuona siku za kawaida. Na we unayesoma hii huku mwenyewe unaumwa na unajibu poa kila siku, leo sema kwa mtu mmoja tu.

Kwetu pilau inashuka saa 7, kaimati zipo sinia 2. Mama anawasalimu wote, kasema niwaambie jana usiku miguu ililala.