Si kila biti inayokufa ni feki

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wako wa Nakuru aliyelalamika kwamba biti za kutobolea chuma zinazouzwa siku hizi zote ni feki, akataka serikali izizuie bandarini. Namwelewa. Mimi pia nimewahi kutupa biti mpya kwenye pipa la vyuma chakavu kwa hasira, hata chai ya saa nne sikuinywa. Lakini nimesimama mbele ya lethi, mashine inayozungusha chuma ili kisu kikichonge, miaka ishirini na sita sasa, ile ya mwanzo katika karakana ya kiwanda kimoja cha sukari huku magharibi, iliyobaki hapa Kibuye, Kisumu. Nikihesabu kwa haki biti na visu vilivyonifia mkononi, vingi niliviua mwenyewe.

Chuma kinachozungumziwa ni kile kinachopigwa muhuri wa HSS, kifupi cha “high-speed steel”, yaani chuma cha kukatia kwa kasi, sisi mafundi tunakiita haispidi. Ile ya kawaida kabisa, M2, ina tungsteni asilimia 6 hivi, molibdeni 5, kromi 4, vanadi 2, na kaboni isiyofika asilimia 1. Tofauti yake na kisu kilichofuliwa kwa springi ya gari ni joto. Springi ikipita nyuzi 250 inaanza kulegea, ilhali haispidi inabaki ngumu hadi karibu nyuzi 600, kiasi kwamba gizani ungeiona ncha ikianza kuwa nyekundu na bado inakata.

Sasa hapo ndipo tunapojidanganya. Tunadhani ukishakuwa na chuma hicho, ugumu wake uko ndani tu, na ukiharibika utaurudisha kwa makaa na ndoo ya maji. Jirani yangu, kijana mwenye bidii sana, alipata kisu cha lethi cha zamani, cha mraba, kimepigwa muhuri wa M2 na bado unasomeka. Alitaka kukikunja kidogo ncha ili kiingie ndani ya bushi ya posho mili. Akakitia kwenye makaa, akavuta feni hadi kikawa chekundu kama embe la Kitui lililoiva upande mmoja, akakigonga, kisha akakitumbukiza ndooni. Nilisikia mlio mdogo, ti!, nikiwa upande wa pili wa bati. Akaja nacho: “Mzee, hata hiki ni feki.” Nikakipangusa kwa kitambaa chenye mafuta, na ufa ukaonekana, mwembamba kama unywele, umetoka kwenye kona hadi katikati. Pale ambapo hakikupasuka, tupa ilikuwa inakiuma bila shida. Chuma kizuri kabisa, kimekufa ndani ya dakika kumi.

Kule kiwandani kinakotengenezwa, mambo huenda hivi. Chuma hupashwa kwanza polepole hadi nyuzi 850 hivi, kisha hupandishwa haraka hadi 1,200 na zaidi kidogo kwa M2. Ile haispidi ya zamani, yenye tungsteni asilimia 18, huenda hadi karibu 1,280. Hapo hukaa dakika chache tu. Joto likipungua, madini yale hayayeyuki ya kutosha ndani ya chuma na hayasaidii kitu. Likizidi, kingo zenyewe zinaanza kuyeyuka. Halafu hupozwa kwa mafuta, au kwa chumvi iliyoyeyushwa ya nyuzi 550, au kwa upepo. Maji hayagusi.

Na kazi haijaisha. Chuma kikishapoa, kama robo yake hivi bado haijageuka kuwa ngumu. Fikiria ugali ambao nje umeshikana na ndani una unga mbichi. Kwa hiyo hurudishwa motoni, nyuzi 550 hivi, saa moja au mbili, kisha huachwa upoe kabisa. Ule unga mbichi unapopoa sasa ndio unageuka, lakini unageuka kuwa mgumu wa kuvunjika kama glasi, kwa hiyo unarudishwa tena, na mara nyingi mara ya tatu. Cha ajabu ni kwamba moto huo wa pili hauilegezi haispidi kama unavyoilegeza springi. Huiongezea ugumu.

Haya hayakujulikana zamani. Hadi miaka ya mwisho ya karne ya 19 kila mfua chuma aliamini kwamba chuma cha kukatia kikipashwa kupita wekundu kimeungua. Wataalamu wawili, Taylor na White, wakiwa kwenye kiwanda cha chuma cha Bethlehem kule Pennsylvania, Marekani, ndio waliosogeza moto hadi karibu na kuyeyuka, wakaona visu vinakata huku ncha ni nyekundu. Visu hivyo vilionyeshwa Paris mwaka 1900, mwaka mmoja kabla reli haijafika hapa Kisumu. Jirani yangu, bila kujua, alikuwa bado upande wa pili wa ugunduzi huo: alikipasha kiasi cha kukilegeza na akakipoza kiasi cha kukipasua.

Nilikwenda chuo kimoja cha ufundi kuomba tanuri lao litusaidie. Baada ya kuzungushwa ofisi tatu nikalionyeshwa, safi, lina vumbi juu ya mlango. Kibao chake kinasema mwisho nyuzi 1,100. Kwa haispidi halitoshi, na sikuwalaumu kwa hilo. Lakini kwa tindo, panga na majembe tunayofua kwa springi, ambayo hutaka kama nyuzi 850 na mafuta, lingetosha na kubaki. Hivi sasa sisi tunapima kwa sumaku: chuma kikiacha kuvuta sumaku, karibu nyuzi 770, tunaongeza wekundu kidogo na kuzamisha. Inafanya kazi siku ya mawingu. Jua la saa saba hapa Kibuye likikumulika, wekundu wote ni sawa. Mlango wa tanuri lile ungefunguliwa hata siku moja kwa wiki, kwa malipo, tungepanga foleni.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa msomaji wa Nakuru: haispidi huja ikiwa imeshapikwa, na sisi hatuna jiko la kuipika upya. Kilichobaki mikononi mwetu ni kuchagua na kutoiharibu.

Tuanze na kutoiharibu. Biti ya milimita 10 kwenye chuma laini hutaka mizunguko kama 800 kwa dakika. Drili nyingi za mkono zinazunguka karibu 3,000. Piga hesabu: ukingo wa biti unapaswa kutembea mita 25 kwa dakika, wewe umeupeleka 90 na kitu. Halafu mtu anakandamiza kidogo kwa kuogopa kuivunja, biti inasugua badala ya kukata, moshi unatoka, na mwenye duka anatukanwa. Na wakati wa kunoa, ikigeuka buluu kwenye jiwe, usishtuke sana. Buluu ni nyuzi 300 hivi, kwa springi ni msiba, kwa haispidi bado. Kinachoipasua ni kuichovya kwenye maji ghafla ikiwa inachoma. Noa kidogo kidogo, iache ipoe kwa upepo, au ichovye tangu mwanzo kabla haijapata moto.

Kuchagua kuna maneno zaidi. Wavuvi wa Dunga huniletea shafti za pangaboi za steinlesi, chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho ukikisugua bila kukikata kinazidi kuwa kigumu pale pale uliposugua, na M2 ya kawaida hufia hapo. Kwa kazi hiyo nanunua yenye kobalti, iliyopigwa muhuri wa HSS-Co au HSS-E, yaani M35 yenye kobalti asilimia 5, au M42 yenye 8. Naizungusha polepole, chini ya nusu ya mwendo wa chuma laini, na nakandamiza bila kusita huku maji meupe ya kupozea yakitiririka. Bei yake inauma. Pia ni rahisi kukatika ukiitumia kwa drili ya mkono inayoyumba, kwa hiyo anayetoboa mageti ya nyumba hana haja nayo. Anunue M2 na aache kujionyesha.

Kuhusu zile za rangi ya dhahabu, hapo namuunga mkono mwenzangu bila sharti. Rangi ya kweli ni ngozi nyembamba sana ya titani iliyoungana na nitrojeni, sehemu mbili au tatu kwa elfu moja ya milimita, na inasaidia. Lakini chini yake kunaweza kuwa na chuma chochote. Mwaka huu nilinunua pakiti ya kumi mjini. Nilipomuuliza muuzaji ni chuma gani, akasema, “Fundi, si unaona ni ya gold?” Nikazigusisha ncha kwenye jiwe. Haispidi hutoa cheche chache, fupi, za wekundu uliofifia, wala hazipasuki. Zile zilitoa cheche ndefu za manjano zilizopasuka nyota tele, kama tupa ya zamani. Chuma cha kaboni tu, si haispidi. Na mjaribu asiguse upande wa mkia, kwa sababu biti nyingi kubwa, hata za kampuni nzuri, huungwa mkia wa chuma cha kawaida, utaihukumu bure.

Sheria ya bidhaa ghushi tunayo tangu 2008, lakini inamwinda anayeiba jina la mwenzake. Pakiti yangu haikuwa na jina la mtu. Haikuandikwa M2, haikuandikwa HSS, ilikuwa na rangi tu. Ninachotaka kwa wenye maduka ya vyuma wa Kisumu na Nakuru ni kidogo: biti isiyo na muhuri wa aina ya chuma iwekwe kwenye kisanduku chake pembeni, iandikwe kwa kalamu kwamba haijulikani, na bei iwe ya kitu kisichojulikana. Sisi tutainunua hata hivyo, kwa kutobolea mbao.

Na huyo msomaji wa Nakuru akipita huku, aje na biti zake zilizomfia. Tutazigusisha kwenye jiwe pamoja, tuone ngapi zilikuwa feki na ngapi ziliungua. Aje kabla ya saa kumi, kwani stima ya jioni hapa haina ahadi.

Fundi wa lethi,
Kibuye, Kisumu