Tangawizi tuinywe, mtoto mchanga asipewe

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya wa wiki iliyopita ulieleza jinsi ya kutengeneza kinywaji cha tangawizi, limau na asali kwa mtu aliyeshikwa na mafua. Gazeti lililetwa kibandani kwangu hapa Malaba na dereva mmoja aliyetoka Kampala, likasomwa meza hadi meza. Nilifurahi kuona mapishi ya nyumbani yakipewa nafasi. Lakini mstari wa mwisho ulisema kinywaji hicho kinaifaa nyumba nzima, “hata mtoto mchanga”, na mstari huo ndio ulionishikisha kalamu. Haukupaswa kuchapwa, na naomba usahihishwe kabla haujafika mbali zaidi.

Mimi nauza chai karibu na maegesho ya malori. Pia ni mhudumu wa afya wa kijiji, VHT kama tunavyoitwa huku Uganda. Kazi ya VHT ni ya kujitolea, kwa hiyo sufuria ndiyo inayolisha wanangu, na sanduku la dawa liko nyumbani juu ya kabati. Kinywaji mnachokisifu nakipika kila siku, na watoto wanaokohoa wanaletwa mlangoni kwangu usiku. Ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Nianze na kinywaji chenyewe, maana nacho kinastahili kuelezwa vizuri kuliko mlivyokieleza. Tangawizi siimenyi. Naisugua kwa brashi, kwa sababu udongo hujificha kwenye vifundo vyake, kisha naiponda kwenye kinu. Ukiikata vipande tu, ukali mwingi unabaki ndani. Kipande cha urefu wa kidole gumba kinatosha vikombe viwili. Naiweka kwenye maji ya baridi, nafunika sufuria, naacha ichemke polepole kwenye sigiri dakika kumi hadi kumi na tano. Mkipenda, ongezeni mchaichai, au majani machache ya mujaaja, ule mmea wa jamii ya mrehani unaoota nyuma ya nyumba nyingi za Uganda. Hayo yatiwe mwishoni, sufuria ifunikwe na kuepuliwa. Limau lisichemshwe. Nalikamua moja kwa moja kwenye kikombe, kwa kuwa ganda lake likipikwa linaleta uchungu unaofukuza ladha yote. Asali ni ya mwisho kabisa, kikombe kikiwa kimepoa kiasi cha kushikika kwa viganja viwili. Mimi napenda ile nyeusinyeusi inayotoka West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mteja anayeomba vijiko vinne vya sukari juu ya asali namwekea kimoja, na akinuna namwambia koo lake halihitaji sukari, linahitaji maji mengi ya uvuguvugu. Mwenye kisukari namkamulia limau peke yake.

Sasa, kinywaji hiki kinafanya nini mwilini? Mafua ya kawaida huletwa na virusi, na viko zaidi ya aina 200, wengi wao wakiwa wa kundi liitwalo rhinovirusi. Hakuna tangawizi wala limau linaloviua. Mwili wenyewe ndio unaovimaliza, kwa kawaida ndani ya siku saba hadi kumi, ingawa kikohozi kinaweza kuburuta wiki mbili na zaidi. Kinachofanywa na kikombe ni kumpa mgonjwa nafuu wakati mwili wake unafanya kazi hiyo, na nafuu hiyo ni ya kweli. Binti yangu anayesomea uuguzi alinisomea utafiti wa Cardiff, huko Wales, uliochapishwa mwaka 2008. Watu wenye mafua walipewa kinywaji cha matunda, wengine cha moto, wengine kilekile bila kupashwa. Wote walipata nafuu ya kamasi, kikohozi na kupiga chafya, lakini waliokunywa cha moto walipata pia nafuu ya koo, ya kuhisi baridi na ya uchovu, na waliipata papo hapo. Asali nayo imepimwa. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ya mwaka 2018 yaliyokusanya majaribio ya watoto wenye kikohozi yalionyesha kwamba huenda asali inapunguza kikohozi kuliko kutompa mtoto chochote. Kwa hiyo mtu akiniambia haya ni mambo ya vibibi yasiyo na maana, simkubalii hata kidogo.

Ila sikubaliani pia na wanaokiahidi kikombe zaidi ya uwezo wake. Mwaka 2020, madereva walipokuwa wakisubiri majibu ya vipimo vya korona na foleni ya malori ikaenda kilomita nyingi upande wa Kenya, sufuria yangu haikukaa chini. Tangawizi na limau vilipanda bei sokoni mpaka nikapika kwa kubana. Watu walikunywa kwa hofu, na wapo walioteremsha barakoa wakisema wamekwisha kunywa, basi wako salama. Niliwauzia, lakini kila aliyesema hivyo nilimwomba apandishe barakoa yake kwanza.

Nirudi kwa mtoto mchanga. Asali haipewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Hii haina majadiliano. Ndani ya asali kunaweza kuwa na mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Tumbo la mtu mzima huzishinda bila yeye kujua, lakini utumbo wa mtoto mchanga bado haujakomaa. Mbegu zinachipuka humo na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto anafunga choo, kilio kinakuwa dhaifu, ananyonya kwa shida, shingo inalegea, na hatimaye kupumua kunaweza kumshinda. Kuichemsha asali jikoni hakusaidii, kwa sababu mbegu hizo hazifi kwa moto wa sufuria. Asali safi kutoka mzingani inaweza kuwa nazo, kwa hiyo kusema “yangu si ya kuchakachua” hakumkingi mtoto.

Na kabla ya miezi sita, hata hiyo tangawizi, hata maji ya mujaaja, hata maji matupu, visimwingie mdomoni. Maziwa ya mama peke yake. Akiwa na mafua anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na pua ikiziba asafishwe kwa kitambaa laini kabla ya kunyonya. Najua bibi zetu huku wamezoea kumpa mtoto kijiko cha maji ya majani, na nawaheshimu, lakini kila kijiko cha hayo maji kinachukua nafasi ya maziwa kwenye tumbo dogo sana.

Mapema mwaka huu mama mmoja kijana aliniletea mtoto wa miezi minane usiku. Nyumbani walikuwa wakimpa tangawizi na asali kwa kijiko, wakisubiri mafua yaishe. Nilimwomba mama akae, atulie naye mapajani, asimnyonyeshe kwanza. Nikapandisha shati la mtoto mpaka kifuani, nikawasha kipima muda cha VHT, nikahesabu dakika nzima. Pumzi 64. Chini ya mbavu nyama ilikuwa ikiingia ndani kila alipovuta hewa, na pua zilikuwa zikipanuka. Hayakuwa mafua tena. Nilimpa dozi ya kwanza ya amoksilini, nikamwandikia mama karatasi ya rufaa, tukaita boda boda. Ilikuwa nimonia. Alilazwa, akawekewa oksijeni, akapona, na sasa anatambaa kwenye baraza yao. Bibi yake aliyekuwa akipika kile kinywaji alikuwa akimtibu kwa upendo wote alionao. Hakuna aliyewahi kumwambia kitu kingine. Ndugu Mhariri, gazeti lenu lingeweza kumwambia, na wiki iliyopita likamwambia kinyume.

Kuhesabu pumzi hakuhitaji daktari. Simu yoyote ina saa. Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi. Tazama tumbo linavyopanda na kushuka kwa dakika moja kamili. Wa miezi miwili hadi kabla ya mwaka akifikisha pumzi 50 au zaidi, na wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40 au zaidi, anapumua haraka kupita kawaida. Apelekwe kwa VHT au kituo cha afya siku hiyohiyo. Kifua kikiingia ndani, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akiwa mlegevu asiyeamka vizuri, aende hapohapo, hata kama ni saa nane usiku. Wa chini ya miezi miwili akiumwa tu, asisubiriwe.

Tena sisi tunaishi kwenye nchi ya malaria. Mtoto akichemka mwili, kamasi isitudanganye kwamba tumekwisha kujua anaumwa nini. Apimwe. Tone moja la damu kidoleni, dakika chache, jibu linapatikana.

Kuna mengine mlipaswa kuyagusa. Kapsuli za antibiotiki zinazouzwa mbilimbili kwenye vibanda vya dawa haziui virusi vya mafua. Zinatufundishia tu bakteria kuzizoea, na siku ya nimonia hazitatufaa. Vipakiti vingi vya dawa za mafua vina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo anayevinywa na kuongeza Panadol anajipa dozi mara mbili, na ini ndilo linaloumia. Kujifukiza majani ya mkaratusi chini ya blanketi wengi wanakupenda, lakini sufuria la maji ya moto na mtoto chini ya blanketi moja, mimi nimeona kovu lake na sitaki kuliona tena. Mafuta ya mkaratusi ya chupa yasinywewe, ni sumu. Na ndugu zangu madereva wanaoniomba nitie waragi kwenye tangawizi “ili itoe baridi”: sitii. Pombe haitibu mafua, na kutoka hapa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200 za kuendesha.

Nawaomba basi mchape marekebisho. Semeni wazi kwamba asali ni marufuku kwa mtoto asiyetimiza mwaka. Semeni kwamba chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu. Aliyetimiza mwaka anaweza kupewa kijiko kidogo cha asali kabla ya kulala, na kinywaji chake kiwe cha uvuguvugu, kisicho kikali, kisichoweza kumuunguza. Kisha wekeni zile hesabu za pumzi, 50 na 40, pamoja na dalili za hatari nilizozitaja, ili mama anayekata mapishi yenu na kuyabandika jikoni azikate pamoja nayo. Mkihitaji mtu wa kuyahakiki, kila wilaya ina ofisi ya afya, na wakufunzi wetu wa VHT wanayajua haya kuliko mimi.

Marekebisho hayo yawekwe kwenye ukurasa uleule wa afya, kwa herufi za ukubwa uleule, na yawekwe siku ya soko, ambapo gazeti lenu husomwa na watu wengi zaidi huku mpakani.

Wenu,
Mama Chai, VHT
Malaba, wilaya ya Tororo