Shosti, usinifupishie atakachosema mama

Shosti wangu,

Za siku jamani, Tanga joto linasemaje? Huku Uingereza baridi imeingia na ikiingia tu kliniki yetu ya mapafu inafurika, wazee wa COPD, ule ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa, wanakuja wamebanwa hata jina lao hawalimalizi kwa pumzi moja.

Sasa sikia. Mwaka huu tumekaa na wagonjwa wenyewe tupange upya huduma. Njia yenyewe ilianza kujaribiwa hospitali ya Luton, huku huku Uingereza, mwaka 2005 na wagonjwa wa kansa ya kichwa na shingo, mnawarekodi video wakisimulia yaliyowapata, afu wagonjwa na wahudumu mnaiangalia pamoja mnachagua pale palipouma, mnaparekebisha pamoja. Mimi nilienda nikijua watalalamikia foleni na dawa basi.

Mzee mmoja dereva wa malori mstaafu akasema, kila mkiniona mnaniuliza nimevuta sigara miaka mingapi, hakuna aliyeniuliza usiku pumzi ikikata namuita nani. Shosti chumba kizima kimya, na mimi hilo la sigara nimeshamuuliza si chini ya mara tatu.

Afu ikaja ya pampu, zile za kuvuta dawa kwa mdomo. Unajua ile ya kupuliza unaivuta polepole na ya unga unaivuta kwa nguvu na haraka, sasa mtu kapewa zote mbili, huyu nesi kamuelekeza hivi, yule wa famasi vile, anaenda nyumbani anazivuta zote sawa, dawa inaishia kooni na sisi tunamuongezea dozi! Mama mmoja ndo aliyesema bandikeni karatasi, hii POLEPOLE, hii HARAKA. Tumebandika.

Na ile programu ya mazoezi ya mapafu, mara mbili kwa wiki kama wiki sita mpaka nane, inasaidia kweli lakini wengi walikuwa hawaji na tukawaona wavivu. Kumbe barua yetu ilisema "mazoezi" tu, na mtu ambaye akipanda ngazi tatu anahisi anakufa unategemea aje? Wameiandika upya wenyewe, na sa hivi aliyemaliza ndo anampigia simu mgeni anamwambia hata mimi niliogopa, kuhema kule hakukuui, njoo tukae wote. Mimi nesi siwezi kumwambia hivyo akaniamini.

Ndo maana nakuandikia mwaya. Wa kwako hapo kliniki sio hawa wangu, wengine hawajawahi kushika sigara, ni moshi wa kuni jikoni miaka na miaka, wengine TB walishaitibu ikaisha lakini ikawaachia makovu kwenye mapafu, wakikohoa wanarudishwa kupima makohozi tena na tena na majirani wanawakimbia. Usiwapelekee maswali ya huku, wakusanye hata watano, wakae kivulini, uwaache waongee na wewe usijitetee, hapo ndo pagumu kuliko pote.

Anza na mama yako. Miaka yote ile ya maandazi kwenye kuni, na kikohozi tumekizoea mpaka tunakiita chake. Muulize usiku analala au anakaa kitako, na akibanwa anamuita nani. Afu niandikie vile vile alivyosema.

Nakupenda, nipigie Jumapili.