Figo ya nguruwe na bei yake

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala unaorudi kila mara katika baraza zetu hapa Lamu: madaktari wa Marekani kuwapandikiza watu figo na mioyo ya nguruwe. Wengi hukata shauri mapema. Nguruwe ni haramu, basi. Lakini hata shekhe atakwambia mlango wa dharura upo, na Surat al-Baqara imemwondolea dhambi aliyelazimika bila kutamani wala kuvuka mpaka. Wenye sukari walidungwa insulini ya nguruwe miaka mingi, na vali za moyo wake zimo vifuani mwa watu hadi leo. Hapo sioni pa kugombania.

Mimi nauliza nani atalipa.

Nguruwe hawa si wa kufugwa zizini. Yule ambaye figo yake alipandikizwa Richard Slayman kule Boston, Machi 2024, alibadilishwa jeni, yaani chembe za urithi, mahali 69. Hufugwa katika majengo yaliyofungwa wasipate maradhi, na bado mambo huponyoka: moyo aliowekewa David Bennett mjini Baltimore, Januari 2022, ulikuja kukutwa na virusi vya nguruwe. Aliishi miezi miwili hivi. Slayman alifariki Mei 2024, ingawa hospitali ilisema haikuona dalili kwamba ni kwa sababu ya upandikizaji. Towana Looney, Mmarekani mwingine, alikaa na figo yake ya nguruwe siku 130, ikakataliwa na mwili, ikatolewa.

Siwabezi, walijitolea. Ila kwa hofu ya virusi kuhamia kwa watu, mgonjwa wa namna hii hutakiwa kufuatiliwa na madaktari maisha yake yote. Katika utafiti mwingine mtu hujitoa siku yoyote. Huyu akishawekewa kiungo, atajitoa vipi? Na mkewe anayelala naye, ameulizwa?

Sasa njoo kwetu. Binamu yangu, ambaye figo zake zimeshindwa kazi, husafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Maji yake ya kunywa hupimwa kwa kikombe cha kahawa, na mkono wenye mshipa wa mashine haubebi hata kikapu cha sokoni. SHA, bima ya afya ya serikali, hulipa shilingi 10,650 kwa kila kikao, lakini hailipi nauli wala siku za kazi za anayemsindikiza. Wa Siyu au Kizingitini, kisiwani Pate, ana shida zaidi, maana boti hufuata maji, haifuati saa ya hospitali. Mtu kama huyo, hata akipewa figo bure, iwe ya nguruwe au ya nduguye, atapata wapi dawa za kuzuia mwili usiikatae, dawa za kila siku mpaka kufa?

Ninachohofia ni kampuni kuja kutafuta wa kujaribiwa mahali ambapo watu wamekata tamaa na sahihi ni rahisi. Wabunge waandike sheria mapema: asiyeweka fedha za kumtunza mgonjwa na jamaa zake maisha yote, asiruhusiwe kumgusa Mkenya.

Na serikali ya kaunti ituambie ni zahanati ngapi za visiwani zina kipimo cha presha kinachofanya kazi na dawa zake. Presha na sukari ndizo zinazoharibu figo nyingi, na kipimo hicho hununuliwa kwa fedha isiyofika ya kikao kimoja cha kusafisha damu.

Msomaji wako,
Langoni, Lamu