Rehema, usingoje bahasha

Pennsylvania, 15 Juni 2025

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, watoto hawajambo, ni miguu tu inayolalamika kwa hizi zamu za usiku. Nilitaka kukuandikia nikishatulia, nikuulize habari za nyumba mpya na joto la Houston huko Texas, lakini tangu Halima anieleze mliyozungumza sijapata raha. Kasema hujajiandikisha kupiga kura huko kwa sababu jina lako liko jimbo la Washington, na karatasi ya kura itakufuata kwa posta kama kawaida.

Haitakufuata, Rehema.

Najua ulivyozoea. Kule Washington kila aliye kwenye daftari huletewa karatasi nyumbani. Unajaza mezani na kikombe chako cha chai, stempu hulipi, na muhuri wa posta ukiwa wa siku ya uchaguzi, kura ni halali hata ikichelewa kufika. Kujiandikisha nako ungeweza kwenda siku yenyewe ya uchaguzi, mradi iwe kabla ya saa mbili usiku. Texas ni mambo mengine. Uwe umejiandikisha siku 30 kabla. Na kura ya posta ni ya waliofika miaka 65, wagonjwa na walemavu, watakaokuwa nje ya kaunti, mwenye kutarajia kujifungua, na wengine wachache. Wewe humo.

Mama mkwe wako yumo, lakini naye umwangalie. Kwenye bahasha lazima aandike nambari ya leseni au kitambulisho, au tarakimu nne za mwisho za nambari yake ya Social Security (hifadhi ya jamii), na ilingane na iliyo kwenye faili lake. Sheria hiyo waliipitisha 2021, na uchaguzi wa mchujo wa Machi 2022 ulipofika, kura zaidi ya 24,000 za posta zilikataliwa Texas, karibu moja katika kila nane. Wengi wao wazee kama yeye. Kaa naye, mjaze pamoja.

Unaniona nimeshika hili kwa nguvu. Kuna jambo sikukueleza. Mwaka 2022 huo huo, hapa kwetu, nilipiga kura kwa posta kwa sababu nilikuwa na zamu. Huku bahasha ni mbili: ndogo ya siri ndani, kubwa nje, na kwenye ile ya nje unatia sahihi na tarehe kwa mkono wako. Nikaandika 1/11/2022, siku mbele, mwezi nyuma, kama tulivyofundishwa shule. Wao wakasoma tarehe 11 Januari. Bahasha ilifika mapema, sahihi ilikuwa yangu, na wenyewe waliipiga muhuri siku waliyoipokea. Kura haikuhesabiwa. Nilikuja kujua baada ya wiki kadhaa, kwa simu, na yule msichana alinieleza kwa upole mpaka nikashindwa hata kukasirika. Nilikaa kwenye gari, nje ya kazini, nikalia. Mwenzangu wa zamu anayekaa kaunti ya jirani aliandika tarehe vile vile, na yake wakaihesabu.

Ndipo nikaelewa kwa nini watu wanataka viwango vya nchi nzima. Kwetu Kenya, mtu akitoka Kisauni akahamia Lamu, tume ni ile ile, daftari ni lile lile, anahamisha kituo basi. Huku katiba imeyaacha mambo ya uchaguzi kwa majimbo, ingawa inalipatia bunge lao uwezo wa kuyabadilisha. Machi 2021 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada ambao ungempa kila mpiga kura, jimbo lolote, haki ya kupiga kwa posta bila kutoa sababu, na kujiandikisha siku ya uchaguzi. Ulipofika Seneti, baraza la pili la bunge hilo, ukakwama. Januari 2022 wakajaribu tena na mwingine, nao ukafia pale pale.

Sasa kiwango kinachosukumwa ni kingine. Aprili mwaka huu Baraza lilipitisha mswada wa SAVE, kura 220 kwa 208: anayejiandikisha aonyeshe karatasi za uraia, na hata akituma fomu kwa posta, afike ofisini nazo. Seneti bado haijaupitisha. Mimi cheti changu ninacho, kimo kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vya watoto, na sioni haya kukionyesha. Lakini fikiria Mama Swaleh, jina la cheti si jina la leseni, hana gari, na ofisi iko mwendo wa saa nzima. Yule ameapa kuwa raia kama sisi. Nataka sheria moja, ndiyo, ila iwe ya kumfikisha Mama Swaleh kwenye daftari.

Nimerefusha. Turudi kwako, maana Novemba kuna kura ya kubadilisha katiba ya jimbo lenu, na siku 30 huisha hivi hivi.

Leseni umeshabadilisha? Walipokuhudumia walikuuliza habari za kujiandikisha, na wewe ukajibu nini? Cheti chako cha uraia kiko wapi, au bado kimo kwenye yale maboksi uliyoacha kwa kaka yako? Jina ulilotumia kuapa ni la baba au la Omari? Na Omari mwenyewe je, naye anangoja bahasha? Fomu niwatumie? Ninazo mbili nimeshazichapisha, mtie sahihi tu na kuzipeleka.

Nipigie Jumapili baada ya saa nane mchana, nitakuwa nimeamka. Mbusu Bi Mkubwa mkono kwa niaba yangu.

Wako,
Zuhura